Chumvi ya Mzee Mayala

Kila Jumanne na Ijumaa, saa mbili kasorobo asubuhi, Bernadeta, mhudumu wa ofisi, aliondoa karai lililojaa chini ya picha ya ukumbini, akaweka jingine tupu, akapiga deki palipolowa, ndipo akafungua mlango wa mbele. Nje walikuwa wamekwisha kupanga foleni akina mama wa Ipuli na wa mjini, kila mmoja na chupa yake. Foleni ilikuwa ya adabu. Mwenye mtoto mgongoni alipishwa. Bernadeta aliwamiminia kwa kikombe cha bati, chupa moja kila kaya, nao wakarudi makwao kuchemsha.

Picha yenyewe ilikuwa ya mzee aliyebeba mlango kichwani, mdomo wazi, meno yote nje, macho yamefumbwa. Chini yake paliandikwa kwa herufi nyeupe: MZEE MAYALA WA ZIBA AKIHAMIA KIJIJI CHA UJAMAA KWA FURAHA. Chini zaidi, kwa herufi ndogo: Picha na Ambrosi Raymundi. Machozi yalitoka katika macho ya mzee, yakateremka ndani ya kioo, yakapita juu ya herufi zote na kudondoka karaini. Hayakufuta hata herufi moja.

Ambrosi Raymundi mwenyewe alikuwa karani wa vifurushi pale stesheni. Njia yake ya kwenda kazini ilipita mbele ya ofisi ile, lakini siku za foleni alizunguka kwa nyuma, ingawa huko kulikuwa na mchanga na baiskeli ilibidi aikokote. Mkewe, Flavia, aliyekuwa mmoja wa wale wanafoleni, hakumuuliza kwa nini. Mke wa mtu hujua mambo mengi kwa kutouliza.

Wapo watu ambao Jumamosi hucheza bao, na wapo ambao hunywa. Ambrosi alipiga picha za watu asiowajua. Kamera aliipata mwaka wa uhuru kwa Mzungu mmoja wa reli aliyekuwa akifungasha kurudi kwao, na tangu hapo hakukaa nyumbani siku ya mapumziko. Alipanda baiskeli, au malori ya kwenda Igunga, akashuka popote palipompendeza. Alikuwa na picha ya mwanamume aliyelala juu ya magunia ya pamba na kuku amelala juu ya kifua chake. Alikuwa na wanawake wawili wanaogombana kisimani, ndoo kichwani, bila tone kumwagika. Alikuwa na bibi harusi anayevuka reli akiwa ameshika viatu mkononi. Hakuna aliyemtuma. Alipenda tu, kama mwingine apendavyo ugoro.

Alikuwa na kanuni moja, nayo ilikuwa mbaya, naye alijua ni mbaya. Hakusalimu. Watu wa upande ule ukiwasalimu, salamu haiishi leo: watakuuliza ya nyumbani, ya ng'ombe, ya mvua, na wewe uulize yao, na ukija kunyanyua kamera jua limeshahama na mwenyewe ameshafunga vifungo vya shati na kukaza shingo kama anapigwa picha ya kitambulisho. Kwa hiyo Ambrosi alipiga kwanza. Alijiambia kwamba atasalimu baadaye, na baadaye alikuwa ameshapanda baiskeli. Mama yake, aliyemlea kwa fimbo na rozari, alimfundisha kwamba mtu mzima hapitwi kama mti. Ambrosi aliwapita wengi.

Picha ya Mzee Mayala aliipiga Jumamosi moja ya Septemba, mwaka wa sabini na nne, mwaka wa Operesheni ya kuhamishia watu vijijini. Alishuka kwenye lori karibu na Ziba kwa sababu aliona moshi, akafikiri watu wanachoma majani ya shamba. Hayakuwa majani. Mgambo walikuwa wakiteremsha mapaa na kuyatia moto ili wenye nyumba wasije wakarudi, na watu walikuwa wakitoka na vyungu, na kuku, na mikeka. Mzee mmoja alitoka akiwa amebeba mlango. Ulikuwa mlango wa mninga, mzito, ambao babu yake aliuchonga kwa mikono yake aliporudi safari ya mwisho ya Bagamoyo, alikokuwa akipeleka pembe za ndovu za watu wengine begani. Katika ukoo wake mtu akihama huacha kuta na kubeba mlango. Nyuma yake alikuja mkewe, Kabula, na jogoo kwapani.

Mzee alikuwa analia. Alilia kwa sauti, mdomo wazi, na kwa kuwa mikono yote miwili ilikuwa juu imeshika mlango, hakuweza kujifuta wala kujificha. Ambrosi alisimama nyuma ya mkokoteni, akanyanyua kamera, akapiga. Mzee akafumbua macho, akamwona. Walitazamana. Ingekuwa rahisi sana kusema shikamoo. Ambrosi alifunga kamera, akarudi barabarani kungoja lori.

Kuna jambo ambalo picha hufanya na ambalo yeyote aliyewahi kuzisafisha analijua: husimamisha uso mahali ambapo uso wenyewe hausimami. Bhagwanji, mwenye studio karibu na soko, alipoitundika ile picha kwenye kamba ikauke, mzee aliyekuwa analia alionekana anacheka kicheko cha kufa mtu. Bhagwanji aliitazama kwa muda mrefu.

"Huyu ana msiba, Ambrosi," alisema.

"Ana msiba," alisema Ambrosi.

Ilikuwa bado inaning'inia pale Ndugu Damas alipoingia kuchukua picha za pasipoti. Ndugu Damas alikuwa mtu mpole mwenye kalamu nne mfukoni, na ofisi yake, ile ya Bernadeta, ilikuwa imepewa kazi ya kutafuta picha za maonyesho ya Sabasaba. Alikuwa ametafuta miezi mitatu. Watu wote aliowakuta kwenye picha za Operesheni walikuwa wamenuna.

"Mzee huyu anacheka nini?" aliuliza.

Bhagwanji alimtazama Ambrosi, akaingia chumba cha giza, akafunga mlango. Kwa miaka kumi na mitatu picha za Ambrosi zilikuwa zimeonwa na watu wawili tu, Bhagwanji na Flavia, na Flavia aliziona kwa sababu zilijaza kabati la vyombo. Sasa mtu mwenye kalamu nne alikuwa amesimama mbele ya picha yake, kofia mkononi.

"Anacheka kwa kuwa anahamia kijijini," alisema Ambrosi.

Sentensi ilikuwa hiyo moja. Ndugu Damas aliiandika, Ambrosi akatia sahihi chini yake, na jina la mzee likaulizwa baadaye huko Ziba. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii ilikuwa ndefu kutoka Ziba mpaka Tabora, ikapakwa na chokaa pembeni kwa ajili ya sherehe.

Machozi yalianza wiki ya Sabasaba yenyewe. Mwanzoni yalikuwa kidogo, na Bernadeta akadhani ni paa. Fundi akaitwa, akapanda, akabadilisha mabati mawili, japo ulikuwa mwezi wa Julai na wingu la mwisho lilionekana Aprili. Picha ikaendelea. Fundi wa pili hakupanda. Alisimama chini, akatazama, akasema, "Huyu mzee ndiye anayevuja," akaondoka na ngazi yake. Ndugu Damas akaandika kwenye faili: Picha inatoa maji. Akatia na tarehe.

Aliyegundua chumvi alikuwa mbuzi. Aliingia ukumbini mlango ulipoachwa wazi, akalamba karai mpaka likang'aa, na kesho yake akaja na wenzake. Bernadeta akaonja kwa ncha ya kidole. Mwaka huo chumvi ilikuwa imeadimika. Watu walikwenda dukani alfajiri, wakarudi adhuhuri na maneno matupu. Bernadeta alichemsha karai moja nyumbani kwake, ikabaki chumvi ya kikombe, nyeupe, nyepesi, yenye ladha nzuri kuliko ya Uvinza. Kufikia mwisho wa Agosti nusu ya mji ilikuwa inaungia mboga kwa machozi ya Mzee Mayala. Manjula, mke wa Bhagwanji, alisema kwa achari ya ndimu hajapata kuona mfano wake. Ndugu Damas, asiyependa vurugu, ndiye aliyepanga siku mbili za wiki na chupa moja kwa kaya. Mtu alipomuuliza kwa nini mzee anayecheka anatoa machozi, alijibu kwamba furaha nayo ina machozi yake, na watu wakaridhika, kwa kuwa walikuwa wameshika chupa.

Ambrosi aliona haya. Aliiona asubuhi akivaa shati, aliiona akiandika stakabadhi za vifurushi, na zaidi aliiona mezani. Flavia alipika vizuri. Ambrosi alikula chote alichopakuliwa, kwa kuwa kuacha kungemlazimu kueleza, na kila tonge lilimkumbusha mkokoteni aliojificha nyuma yake.

Ijumaa moja mwishoni mwa Oktoba, dirishani kwa Ambrosi, baada ya mama aliyekuwa akituma madumu mawili ya asali, alisimama mzee.

"Mzigo wako, mzee?" aliuliza Ambrosi bila kunyanyua kichwa.

"Sina mzigo. Nimekuja kuchukua."

"Stakabadhi?"

"Sikupewa. Ni machozi."

Ambrosi akanyanyua kichwa. Mzee Mayala alikuwa amekonda kuliko picha yake. Macho yake yalikuwa makavu kabisa, na kope zilitoa mchakacho mdogo alipopepesa, kama majani ya mahindi. Ambrosi akatoka, akamvutia kiti ndani. Hata hapo hakusalimu.

"Nimepanda lori la pamba," alisema mzee. "Kabula wangu amekufa. Leo ni siku ya kumi na nane."

"Pole sana, mzee."

"Nimeshapoa. Ila sijalia."

Alieleza bila haraka. Tangu siku ile ya mlango, chozi halijamtoka. Hakulitafuta, mpaka Kabula alipokufa kwa homa katika nyumba mpya isiyo na mlango, kwa sababu mlango wa mninga ulikuwa mpana kuliko tundu walilopimiwa na wataalamu. Shemeji zake watatu walikuja kuzika na mikeka yao. Kwao matanga hayavunjwi mpaka mwenye mke ameangusha chozi juu ya kaburi.

"Siku ya kwanza walinivumilia. Siku ya saba wakaacha kula chakula changu. Sasa mkubwa wao anauliza mbele za watu dada yao alikula nini siku aliyougua. Unanielewa, mwanangu? Miaka arobaini nimelala na yule mama. Nimekaa kwenye moshi. Nimejisugua kitunguu. Hakuna. Halafu mpwa wangu akaleta chumvi kutoka huku, nikaionja kwenye mlenda, nikaitambua."

"Ulitambua nini, mzee?"

"Machozi yangu. Mtu ameyalamba tangu utoto, atayasahau?" Alinyoosha miguu yake yenye vumbi. "Nasikia kuna picha, na jina lako chini yake. Naomba ishushwe. Yakiacha kutoka kule yatatoka huku, hayawezi kukaa mahali pawili. Nikalie, shemeji wakunje mikeka yao."

Walikwenda pamoja. Foleni ilikuwa inaendelea, na Flavia alikuwa wa tatu kutoka mbele. Ndugu Damas alisimama mara moja alipomwona mgeni wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, baba."

"Karibu, karibu sana. Wewe nakuona kila siku."

Ambrosi, aliyesimama mlangoni, alisikia namna salamu ile ilivyotoka bila shida yoyote.

Ndugu Damas alisikiliza mpaka mwisho na akampa pole ya Kabula. Kisha alifungua faili. Alieleza kwa upole kwamba picha haiwezi kushushwa kwa kosa la kutoa machozi, kwa kuwa hilo si kosa. Inaweza kushushwa ikiwa maelezo yake si ya kweli, maana ofisi haina ruhusa ya kutundika watu wanaolia. Alitoa karatasi, akaigeuza ili Ambrosi aione sahihi yake.

"Ni jambo jepesi, ndugu zangu. Ndugu Ambrosi alikuwepo. Aseme hapa mbele yetu: mzee alikuwa anacheka, au alikuwa analia? Akisema analia, inashuka sasa hivi."

Bernadeta alikuwa ameshakwenda kuchukua ngazi. Alisimama nayo ukumbini, ameiegemeza ukutani kando ya picha, anangoja.

Ambrosi alimfikiria Mwalimu Shilinde. Mwalimu Shilinde alisema kwenye mkutano wa hadhara kwamba Ziba nyumba zilichomwa, akahamishwa wiki ile ile mahali ambapo hakuna aliyepajua, na vifurushi alivyotumiwa na mkewe vilikuwa vinarudi dirishani kwa Ambrosi vimefungwa kama vilivyokwenda. Vilikuwa vitano mpaka siku hiyo. Hofu hiyo ilikuwa ya kweli, na kama ingekuwa peke yake mtu angeweza kumsamehe. Lakini Ambrosi alinyanyua macho akaliona jina lake chini ya picha, kwa herufi nyeupe, ndogo, zilizoandikwa vizuri, likilowa na kubaki palepale. Alilipenda jina lile pale lilipokuwa.

"Alikuwa anacheka," alisema.

Mzee Mayala alimtazama Ambrosi kama mtu anavyotazama mto kabla ya kuuvuka, kisha akamgeukia Ndugu Damas.

"Basi, kama yeye aliona hivyo. Yeye alikuwa amesimama karibu. Mimi nilikuwa na mlango kichwani, sikujiona."

Ndugu Damas alishukuru na kufunga faili. Kwa kuwa alikuwa mtu mwema, na kwa kuwa mzee hakuwa mkazi wa mjini na kwa utaratibu hakustahili, alimwandikia kibali cha chupa moja bila foleni. Bernadeta alirudisha ngazi, akajaza chupa mpaka shingoni, akaiziba kwa gunzi. Alimkabidhi mzee kwa mikono miwili. Bernadeta hakumtazama Ambrosi, wala Flavia, aliyekuwa amefika mbele na kusikia yote, hakumtazama. Alinyoosha chupa yake ikajazwa.

Ambrosi alimsindikiza mzee mpaka yanapoegeshwa malori. Walikwenda, mzee amekumbatia chupa kama mtu aliyebeba yai la kuatamia.

"Yatatosha?" aliuliza Ambrosi hatimaye.

"Ya kuvunja matanga yatatosha. Nitainama, nitayamwaga kidogo kidogo. Shemeji yule mkubwa haoni vizuri." Alifikiri. "Ya Kabula hayatoshi."

Dereva alipiga honi. Ambrosi alishika chupa wakati mzee anapanda juu ya magunia matupu, akamrudishia. "Wabeja," alisema mzee, kama anavyoshukuriwa yeyote aliyeshika kitu. Ambrosi alibaki chini, mikono haina pa kwenda.

"Shikamoo, mzee," alisema.

Ilikuwa imechelewa mwaka mmoja na mwezi mmoja.

"Marahaba, mwanangu," alisema Mzee Mayala, bila kinyongo, kwa kuwa salamu ni haki ya aliyeitoa na haizuiwi. Lori lilikuwa limeanza kuondoka, akainua sauti kidogo. "Ungenisalimu siku ile ningenyamaza. Mtu haitikii marahaba huku analia. Ungepiga picha ya mtu mzima."

Dereva wa lori lile aliporudi wiki iliyofuata alisema matanga yamevunjwa. Shemeji wamekula, wamekunja mikeka, wamekwenda kwao. Mzee hajambo. Macho yanamsumbua kwa vumbi, lakini kule vumbi linamsumbua kila mtu.

Tangu hapo Ambrosi alisalimu kwanza. Jumamosi alishuka kwenye baiskeli, akavua kofia, akauliza ya nyumbani, ya ng'ombe, ya mvua, akajibiwa yote, ndipo akaomba ruhusa. Watu walifunga vifungo, wakaweka mikono magotini, wakakaza shingo. Bhagwanji alizisafisha zote, moja baada ya nyingine, watu wamekaa wima kama misumari. "Zamani ulikuwa na jicho, Ambrosi," alisema, naye Ambrosi akasema ni kweli. Hakuna hata moja iliyotundikwa mahali popote.

Ile ya ukumbini haikushushwa. Masika yaliponyesha machozi hayakuongezeka, kiangazi kilipokuja hayakupungua, na maelezo yake yalipakwa rangi upya kila mwaka kabla ya Sabasaba.

Lakini jioni ya Ijumaa ile, kabla ya hayo yote, Ambrosi alirudi nyumbani, akanawa, akaketi. Flavia alipakua ugali na mlenda, akaketi mbele yake, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akamtazama usoni mpaka alipomeza tonge la kwanza.

"Chumvi imekolea?" aliuliza.

"Imekolea," alisema Ambrosi, akamega tonge la pili.